Leza kwenye matibabu ya meno: uliza ni ya kazi gani

Wagonjwa wengi wanaokuja kutibiwa meno hapa Kampala sasa wanauliza kama tuna leza, yaani mashine ya mwale mkali wa mwanga, kwa kuwa wameona matangazo ya matibabu bila sindano wala damu. Ni haki yao kuuliza. Ila leza ziko za aina nyingi, na ile inayofaa fizi haifai kuchimba jino.

Leza ya kwanza duniani iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Huko huko, leza ya kuchimba jino lenyewe ilipata kibali mwaka 1997. Hiyo ni leza ya erbiamu (aina ya metali), na mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 2,940, hufyonzwa sana na maji. Jino lina maji kidogo ndani yake. Mwale ukiyapata, maji hayo huchemka ghafla na kubandua chembe ndogo sana za jino. Mgonjwa husikia mlio wa kupasuka-pasuka na maji baridi yakinyunyiziwa, bila ule mtetemo wa mashine ya kuchimba. Kwa tundu dogo, wengi hawahitaji ganzi. Wengine bado huihitaji, na daktari asikuahidi vinginevyo kabla hajakupima.

Kama umeozewa hadi kwenye kiini cha jino na usiku hulali kwa maumivu, usikae ukisubiri leza. Unahitaji matibabu ya mzizi au kung'olewa jino, na kila wiki unayongoja usaha unazidi kupata njia. Kuondoa zibo la zamani la rangi ya fedha nako si kazi ya leza.

Kwa nyama laini, leza husaidia kweli: fizi iliyoota kupita kiasi, uvimbe mdogo, ulimi wa mtoto uliofungwa na utando wa chini yake hata hawezi kunyonya vizuri. Joto la mwale huziba mishipa midogo ya damu, hivyo mara nyingi hakuna kushona. Mashine inayotumika sana ni ya diodi, yenye mwanga wa kati ya nanomita 800 na 980 hivi.

Hapo kuna jambo linalotuhusu sana sisi. Mwanga wa diodi hufyonzwa na damu na pia na melanini, ile rangi inayofanya fizi za Waganda wengi kuwa nyeusi. Fizi nyeusi hupata joto haraka kuliko nyekundu. Daktari anayeijua kazi hupunguza nguvu, haachi ncha itulie mahali pamoja, na huipumzisha fizi kila baada ya muda mfupi. Akitumia vipimo vilivyowekwa kwa fizi nyekundu, anaweza kuiunguza. Muulize waziwazi kabla hajaanza. Na weusi huo si ugonjwa: anayekuuzia leza ya kuuondoa anakuuzia urembo, na mara nyingi weusi hurudi. Hata kung'arisha meno kwa leza, kinachong'arisha ni dawa inayopakwa; mwanga huongeza kidogo, au hauongezi kitu.

Kabla mashine haijawashwa, kila aliye chumbani avae miwani inayolingana na leza hiyo, mzazi aliyempakata mtoto akiwemo. Mwale ukigonga kifaa kinachong'aa hurudi, na jicho likiungua huenda lisipone. Ukikosa miwani, kataa. Hakikisha pia daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, na leseni yake ni ya mwaka huu.

Wazazi, nawaomba: ebiino, yale yanayoitwa "meno ya uongo" ya watoto wachanga na kudhaniwa kuleta homa na kuharisha, hazitolewi, si kwa msumari, si kwa spoku ya baiskeli, wala kwa leza. Kile cheupe mnachokiona kwenye ufizi wa mtoto mchanga ni chipukizi la jino. Likichimbuliwa, anapoteza jino la utotoni, na lile la kudumu lililo chini yake linaweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. Homa na kuharisha vina sababu nyingine, mara nyingi malaria au maambukizi ya tumbo. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mkiwa njiani endelea kumnyonyesha.