Ati wakiuza mgao basi wameshiba?

Jana tena. Niko kwa matatu kutoka Lodwar kwenda Kakuma, mzee wa watu, mpole tu, akasikia nafanya kazi ya lishe kambini akaanza kucheka. "Sasa daktari, hao wakimbizi si tunawaona sokoni wakiuza mchele na mafuta ya msaada? Mtu mwenye njaa anauza chakula?" Gari nzima ikaitikia eeeh. Mimi si daktari, ni afisa lishe, hiyo niliiacha ipite. Lakini hii ya kuuza mgao siwezi kuiacha tena, juu nimeisikia kwa wageni, kwa madereva, hadi kwa wenzangu wa kazi ambao wanafaa kujua.

Haya, hesabu kwanza. Mgao kamili unapangwa kwa kalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zilipopungua, mgao Kenya ulishuka hadi asilimia 28, yaani hazifiki kalori 600 kwa siku. Hapo bado hujapika. Kwenye mgao hakuna chumvi ya kutosha, hakuna kitunguu, hakuna sabuni, hakuna kuni za mwezi mzima, na mtoto akitakiwa daftari shuleni mwalimu hapokei dengu. Kitu pekee chenye bei ndani ya nyumba ni hicho chakula. Kwa hivyo anauza sehemu ya chakula ili aweze kula kilichobaki, na ukiniuliza mimi huyo anajua bajeti kuliko sisi wenye mshahara.

Kuna mama mmoja wa kutoka Kivu, Kongo, mtoto wake yuko kwenye programu yetu. Siku ya mgao nilimkuta dukani anauza mchele. Mwenye duka akinunua kwake anataka gorogoro, lile kopo la kupimia, ijae mpaka ifanye mlima na mchele uanze kumwagika pembeni, wiki mbili baadaye mama akirudi kununua mchele uleule, gorogoro ileile, jamaa anapitisha kiganja juu mpaka ilale sawasawa. Na bei imepanda, manake siku ya mgao kila mtu anauza na mwisho wa mwezi kila mtu anatafuta. Pia ana deni kwenye daftari la dukani kutoka mwezi uliopita, kwa hivyo nusu ya huo mchele ulikuwa umeliwa kabla haujafika. Nikamuuliza mbona asingoje kidogo bei ipande. Akaniangalia tu. "Dokta, na leo nitapikia nini, vidole?"

Na kuni zenyewe zinatoka wapi? Kwa akina mama Waturuka... Waturkana, samahani naandika kwa hasira, wanaotembea na mzigo kichwani na wengi wanalipwa kwa chakula, si pesa. Hii ndiyo watu wa matatu hawaioni: misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, mifugo ikaisha, na boma nyingi karibu na kambi zimekula mchele wa mkimbizi kupitia hizo kuni. Mgao ukikatwa, mama wa Kiturkana anarudi nyumbani na mzigo wake, hakuna wa kuununua.

Maneno mengine ninayoyasikia nayapitia haraka.

"Wakipewa wanakuwa wavivu, walime." Walime wapi? Lagga ya Tarach, huo mto wa msimu wa hapa Kakuma, ni mchanga karibu mwaka mzima, ikipata maji inabeba nyumba.

"Mtoto amenona, angalia mashavu." Hii inaua. Bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, hesabu polepole mpaka tatu, ukitoa na shimo likabaki pande zote mbili huo si unono, ni utapiamlo mkali, leta mtoto leo, usingoje siku ya kliniki. Utepe wa kupima mkono unaweza kuonyesha kijani, yaani sawa, na bado mtoto yuko hatarini.

"Dengu hazina maana zinamaliza kuni." Loweka usiku, funika sufuria, na tafadhali acheni kutia magadi, zinaiva haraka ndio lakini vitamini B1 inaenda. Nimesema hii mpaka nimechoka, bado nakuta magadi jikoni.

"Plumpy'Nut ni biskuti ya watoto wote." Hiyo ni siagi ya karanga ya kutibu utapiamlo mkali, pakiti moja ni kalori 500 na ni dawa ya mtoto mmoja. Lakini hapa siwezi kugomba sana. Yule mama wa Kivu mtoto wake hakuongeza hata gramu wiki mbili, nikajua zinagawanywa, nikaanza kufoka, halafu nikaona amekuja na watoto wake wengine watatu na mdogo wao analamba pakiti tupu kwa kidole. Nikanyamaza, nikaandika na hao watatu wapimwe.