Si kila taa ya kuunga ni taa ya moduli

Mfumo wa taa wa moduli ni ule ambao vipande vyake vyote vinafuata kipimo kimoja, hata ukitoa kimoja ukaweka kingine, vilivyobaki havina habari. Maana ni hiyo, na ningeishia hapo kama nisingeambiwa tena juzi na muuzaji, mbele ya boksi la tepu za LED za studio, ile mikanda ya vitaa vidogo: "Hizi ni moduli, kaka. Unaunga tu."

Unaunga tu! Kamba huungwa, hata mfupa huungwa, na hakuna aliyewahi kuuita mguu wa moduli.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini. Modus ni kipimo. Modulus ni kipimo kidogo, kwa kuwa Kilatini kilidogosha neno kwa kulitia mkia, jinsi sisi tunavyobadili kichwa cha "mlima" tukapata "kilima". Modeli nayo ni mtoto wa neno hilohilo. Wajenzi wa Kirumi walichukua unene wa nguzo wakaufanya moduli, kisha urefu wa nguzo na nafasi kati yake vikahesabiwa kwa unene huo. Hawakuwa wakizungumzia kuunga kitu na kitu. Na jambo hili si geni kwetu: shibiri 2 ni dhiraa, dhiraa 4 ni pima. Shibiri ndiyo moduli hapo. Fundi aliyepima kwa kiganja chake alikuwa na mfumo safi kabisa, mpaka siku kazi ilipomaliziwa na mwanafunzi mwenye vidole vifupi.

Nadhani mkanganyiko umeletwa na semina, ambako "moduli ya tatu" ni sehemu ya tatu ya mafunzo tu. Sawa, huko ibaki hivyo. Studioni inatuponza.

Tuseme unapanga vipande 16, vinne kwa vinne, viwe anga nje ya dirisha la seti. Umbo na ndoana za kutundikia ni rahisi, kila muuzaji anavyo. Umeme unataka hesabu kidogo: vipande vya wati 30 vinafanya wati 480, ambazo kwa volti 48 ni ampea 10, na kwa volti 12 ni ampea 40. Waya ukiwa uleule, joto linalopotea humo linakuwa mara 16. Kwa hiyo kipande cha volti 12 hakiingii kwenye mfumo wa volti 48 hata kama ndoana zinakubali.

Halafu kuna anwani. Taa nyingi za studio zinaongozwa kwa DMX512, utaratibu wa mwaka 1986 ambao laini yake moja ina chaneli 512, yaani njia 512 za kupitishia amri. Kipande chenye nyekundu, kijani, bluu na nyeupe kinakula chaneli 4, na anwani yake ni namba ya chaneli yake ya kwanza, basi cha kwanza unakipa anwani 1, cha pili 5, cha tisa 33, cha kumi na sita 61. Cha tisa kikifa, unachomeka cha akiba, unaandika 33, kazi inaendelea. Lakini hicho cha akiba kikiwa cha chaneli 5, ya tano ikiwa ya kumetameta, kitasikiliza mpaka 37, na 37 ni nyekundu ya jirani yake. Unapandisha wekundu wa machweo kwenye kipande cha kumi, cha tisa kinaanza kupiga radi.

Kinachonikera zaidi ni rangi. Niliwahi kubadilisha kipande kimoja cha anga ya namna hii kwa kingine cha muundo uleule, kilichonunuliwa mwaka mmoja baadaye. Vyote vinasoma Kelvini 5600. Kwa macho, hakuna tofauti. Kwenye monita ya kamera, mraba wa kijani umekaa katikati ya mawingu. Kelvini inakwambia mwanga umeelemea manjano au bluu. Ukijani na umajenta ni upande mwingine, na namba hiyo haiugusi. LED hazitoki kiwandani zikiwa na rangi moja kamili, ndiyo maana hupangwa kwa mafungu ya rangi zinazokaribiana, na kipande changu kilitoka fungu lingine. Tulikihamishia pembeni, nyuma ya pazia. Kilikuwa moduli kwa umbo, kwa volti na kwa anwani. Kwa rangi kilikuwa mgeni, na kamera ndiyo iliyokuwa ikilipwa kutazama rangi.

Sasa nirudi kwenye lile boksi, maana nisimwonee mtu. Tepu ya LED ina moduli ndani yake kweli: kile kipande kati ya alama mbili za kukatia, ambacho kwenye tepu ya volti 12 mara nyingi ni LED 3. Kata hapo, bado inawaka vilevile. Ila ukiunga tepu kwa tepu kwa tepu, volti inapungua njiani ndani ya shaba ile nyembamba, na mwisho wa safari mwanga umefifia. Kwa hiyo, kaka yangu, mwambie mteja kwamba ni tepu za kuunga. Ataelewa, na atajua kuongeza waya wa umeme kule mwishoni badala ya kushangaa kwa nini upande mmoja wa seti yake umeingiwa na magharibi.