Mariachi kabla ya tarumbeta

Ukitaja mariachi, wengi huona picha moja tu: wanaume waliovaa suti zenye vifungo vya fedha, kofia pana zilizokunjwa ukingo, na tarumbeta mbili zinazosikika mtaa wa pili. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni changa. Mwaka 2011 UNESCO ilipouingiza muziki huu wa Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, ilitambua jambo lililoanza kitambo kabla ya tarumbeta hizo. Sisi tunaoshughulika na urithi tuna wajibu wa kulieleza, maana sehemu ile kongwe ndiyo inayosahaulika upesi.

Kwao mariachi ni magharibi mwa Meksiko, katika majimbo kama Jalisco, Nayarit, Colima na Michoacán. Inasimuliwa sana kwamba jina lake limetokana na neno la Kifaransa la ndoa, mariage, eti kwa sababu wanajeshi wa Ufaransa walioivamia nchi hiyo miaka ya 1860 waliwakuta wapigaji hawa kwenye harusi. Si kweli. Mwaka 1852, kabla mwanajeshi yeyote wa uvamizi huo hajatia mguu, Padre Cosme Santa Anna, paroko wa Rosamorada, alimwandikia askofu wake aliyekuwa Guadalajara kumlalamikia. Alikuwa amemaliza ibada ya Jumamosi Kuu, akakuta uwanja ulio mbele ya kanisa una dansi mbili, meza ya kamari, na watu waliolewa wakipiga kelele, wengine kwa miguu, wengine juu ya farasi. Starehe hizo, aliandika, huku kwetu huitwa mariachi. Padre alitaka zikome kabisa. Leo barua yake ni miongoni mwa ushahidi wetu bora wa umri wa neno lenyewe.

Wapigaji wa enzi hizo walikuwa wakulima na vibarua wa mashambani. Walivaa nguo nyeupe za pamba, ndala za ngozi na kofia za majani. Vyombo vyao vilikuwa vya nyuzi: fidla, kinubi, gita, na vihuela, gita dogo la nyuzi tano lenye mgongo uliobinuka. Baadaye kinubi kilianza kuipisha guitarrón, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu bila chombo hiki mariachi haisimami. Ni gita kubwa la nyuzi sita, lenye tumbo pana kiasi kwamba mpigaji hulikumbatia kifuani. Mara nyingi huvuta nyuzi mbili kwa pamoja, sauti ileile ya juu na ya chini, ili besi isikike hata uwanjani. Mariachi kwa kawaida haina ngoma ya kupigwa. Guitarrón na vihuela ndizo zinazoshika mapigo. Na mapigo yenyewe yana ujanja. Hesabu sita: mara yanagawanyika tatu-tatu, mara mbili-mbili-mbili, na mguu wa mchezaji unafuata ukigonga jukwaa la mbao. Humo mmekutana mkono wa wenyeji, wa Wahispania, na wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Mapinduzi ya Meksiko, nchi ilipokuwa ikitafuta alama za kujitambulisha. Makundi yalihamia mji mkuu. Mariachi Vargas, kundi la kutoka Tecalitlán, Jalisco, lilipiga katika sherehe za kuapishwa kwa Rais Lázaro Cárdenas mwaka 1934. Suti ya charro, yaani ya wapanda farasi wenye mali, ikawa sare ya watoto wa vibarua. Redio XEW, iliyoanza mwaka 1930, ilipeleka sauti hiyo nchi nzima, na katika miaka hiyo ya redio na sinema tarumbeta ikapata nafasi ya kudumu. Sioni sababu ya kuilaumu. Urithi ulio hai hubadilika. Kinachoniuma ni pale tarumbeta inapodhaniwa kuwa ndiyo mwanzo.

Maana kuna mariachi isiyofika jukwaani. Kuna minueti, vipande visivyoimbwa wala kuchezwa, ambavyo wapigaji wa jadi hupiga mbele ya sanamu ya mtakatifu. Hupigwa pia kwenye mkesha wa mtoto aliyefariki, ambaye wenyeji humwita malaika mdogo. Fidla mbili na vihuela, taratibu, usiku kucha. Hakuna anayepiga makofi. Vipande hivi havijifunzwi kwa karatasi. Mtoto hukaa karibu na baba au babu yake, hutazama vidole, husikiliza, hukosea, hurudia. Wazee wa namna hiyo wakiondoka bila mtu wa kukaa karibu nao, suti na tarumbeta zitabaki, na bado tutakuwa tumepoteza minueti.

Utakapousikia muziki huu tena, iache fidla iende zake na tarumbeta zipaze sauti, kisha utafute ile besi nene iliyo chini yake. Ukishaipata, hesabu sita.