Je, wajua kwa nini vifaranga huingizwa kundini wakiwa bado wadogo?

Wafugaji wengi huamini kwamba mama kuku na vifaranga wake wafungiwe mbali na kundi mpaka watoto wakue na waweze kujitetea. Wazo hilo lina sababu. Kifaranga aliyetoka kuanguliwa ana gramu 40 hivi, na pigo moja la mdomo wa kuku mkubwa likimpata kichwani laweza kumuua. Hata hivyo, kusubiri miezi miwili kunampeleka penye hatari ileile, safari hii akiwa peke yake.

Kinachomlinda kifaranga ni mama yake, wala si umbo lake. Kuku mlezi hututumua manyoya, hushusha mabawa na kumrukia yeyote anayesogea, hata jogoo anayemzidi uzito. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe, na katika wiki hizo hata kuku wenzake humpisha. Lakini ulinzi huo una muda wake. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 hivi mama huanza kutaga tena, hurudi kulala juu ya fito, na huwafukuza watoto kwa kuwadonoa. Anayewaingiza wakati huo anawaingiza wageni wasio na mtetezi, tena wenye umbo la kutosha kuonekana washindani. Kifaranga wa wiki moja hashindanii chochote. Kuku wengi humpuuza au humdonoa mara moja tu kumwonya.

Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba mama naye anaweza kugeuka mgeni. Mwanasayansi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza katika miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa vyeo: wa juu humdonoa wa chini, na wa chini hupisha. Ni kama foleni ambayo kila mmoja anamjua aliye mbele na aliye nyuma yake. Ukitoka kidogo ukarudi, nafasi yako bado inakumbukwa. Ukikaa sana, watu wameshasogea, na anayesimama pale ulipokuwa atakuuliza unatoka wapi. Kwa kuku swali hilo huulizwa kwa mdomo na kucha.

Tena mama huyu anarudi na sura nyingine. Kuku hutambuana hasa kwa kichwa na undu, ile nyama nyekundu ya kichwani. Katika siku 21 za kuatamia yeye hula kidogo sana, na undu wake husinyaa na kupauka. Ndiyo maana inafaa aatamie ndani ya banda lilelile, kwenye kona iliyotengwa kwa wavu, ili wenzake wamwone kila siku. Matundu ya wavu yawe madogo, kifaranga asipenye.

Baada ya kuanguliwa, waache humo kwa wiki moja hivi. Kisha wafungulie nje, mahali penye nafasi, baada ya kundi kushiba. Usianzie ndani ya banda: kuku anayeshindwa hutakiwa kukimbia ili ugomvi uishe, na penye kona hana pa kukimbilia. Kaa nao saa moja, warudishe kwenye kona yao kabla ya giza, na rudia siku kadhaa. Weka pia kizuizi chenye mwanya wa sentimita 6 au 7, ambao kifaranga anapita lakini mkubwa hapiti, na chakula chao kiwe ndani yake.

Chakula ndicho huwaponyoka wengi. Cha kuku wanaotaga kina kalisi, yaani madini ya kujenga mifupa na maganda ya mayai, ya asilimia 3.5 hadi 4, wakati kifaranga anahitaji asilimia 1 hivi. Inayozidi huharibu figo zake. Njia rahisi ni kulisha kundi zima chakula cha vifaranga, na kuwawekea mitetea maganda ya konokono au chaza yaliyosagwa katika chombo cha pembeni. Maji yawe ya kina kifupi, yenye kokoto ndani, maana vifaranga huzama. Matandazo yakilowa, yabadilishe siku hiyohiyo, kwani vimelea vya kuhara damu hustawi penye unyevu.

Mama wa cheo cha chini mara nyingi hupata ujasiri akiwa na watoto, ingawa si wote. Mama wawili wenye watoto watenganishwe kwanza, kwa sababu kila mmoja anaweza kuwashambulia watoto wa mwenzake.

Kudonoa mara moja na kuachana ni kawaida. Kuku akimfuata kifaranga tena na tena, au damu ikitoka, mtenge kifaranga mwenye jeraha hadi lifunge, kwa kuwa wekundu huwavuta wengine kudonoa. Mchokozi naye mwondoe kwa siku kadhaa. Kifaranga asiye na jeraha anapobaki na kundi, nafasi yake huendelea kuzoeleka. Anayerudi akitafuta pa kusimama ni mchokozi.