Bunduki ni ya nje, aliyeileta ni nani?

Tarehe 11 Februari 2007, maofisa wa jeshi la Marekani waliwaita waandishi wa habari mjini Baghdad na kuwatandazia mezani makombora ya mota, mikia ya mabomu na vipande vya mabomu ya kutegwa barabarani. Kamera zilikatazwa, vinasa sauti vilikatazwa, na majina ya waliozungumza hayakuruhusiwa kuandikwa. Madai yenyewe yalikuwa mazito: kwamba mabomu yale yalikuwa yameua wanajeshi wasiopungua 170 wa muungano tangu 2004, na kwamba amri ya kuyafikisha kwa wanamgambo wa Iraq ilitoka ngazi za juu kabisa za serikali ya Iran.

Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aketi mbele ya Baraza la Usalama akieleza habari za silaha za maangamizi za Iraq ambazo hazikupatikana. Watu wengi wakaguna, na walikuwa na haki ya kuguna. Ila tangu siku ile nimesoma hoja nyingi za kuyaunga mkono madai ya namna hii, kwamba silaha za waasi zimeletwa na serikali ya nje, na za kuyapinga, na pande zote mbili zina mambo zinayoyachukulia kuwa dhahiri wakati siyo.

Dhana: Alama ya kiwanda inatosha kuonyesha nani kaipeleka silaha

Hii ndiyo hutumiwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Alama inakuonyesha silaha ilikotengenezwa. Haikuonyeshi imepita mikononi mwa nani. Desemba 2017, shirika la Conflict Armament Research, ambalo wachunguzi wake huenda hadi mstari wa mbele kunakili namba za silaha zilizotekwa, lilieleza kisa cha kombora la kupigia vifaru lililotengenezwa Bulgaria na kuuzwa kwa jeshi la Marekani. Chini ya miezi miwili baadaye lilikuwa limeshafika mikononi mwa wapiganaji wa Dola la Kiislamu nchini Iraq. Kwa kufuata alama peke yake, tungeishtaki serikali ya Bulgaria.

Kwa hiyo maswali ni kadhaa, na kila moja linadai ushahidi wake. Nani alitengeneza? Nani alinunua kwanza? Ilimtoka lini na kwa njia gani: kuuzwa, kuibiwa, kutekwa? Nani aliivusha mpaka? Na je, kuna aliyeamuru? Maofisa wa Baghdad walijibu vizuri swali la kwanza, kisha wakaruka hadi la mwisho. Siku iliyofuata, Jenerali Peter Pace, mkuu wa majeshi yote ya Marekani, akiwa ziarani Australia, alisema kwamba vifaa kutengenezwa Iran hakumaanishi kuwa serikali ya Iran inajua au inahusika. Tarehe 14, Rais Bush mwenyewe akasema ana hakika Kikosi cha Quds, tawi la jeshi la Iran linalofanya kazi nje ya nchi, ndicho kilichopeleka, lakini hajui kama viongozi wa juu walikiagiza. Siku tatu, na zile “ngazi za juu kabisa” zikawa zimeshuka ngazi.

Dhana: Makombora yaliandikwa Kiingereza, kwa hiyo yalighushiwa

Hoja hii ilisambaa sana baada ya onyesho lile la Baghdad: kama ni ya Iran, Kiajemi kiko wapi? Viwanda vya silaha vya Iran huuza nje, na bidhaa zao nyingi hupigwa herufi za Kilatini na maneno ya Kiingereza, kama zifanyavyo nchi nyingine zinazouza silaha. Mwenye shaka akishika hoja mbovu, anampa msemaji wa serikali ushindi wa bure.

Dhana: Waasi hawawezi kudumu bila kulishwa silaha kutoka nje

Serikali hupenda sana dhana hii, kwa sababu inahamisha lawama hadi ng'ambo ya mpaka. Tazama Iraq yenyewe. Mei 2003, Paul Bremer, mtawala aliyewekwa na Marekani, alivunja jeshi la nchi hiyo kwa amri moja. Maelfu kwa maelfu ya askari wakarudi nyumbani bila mshahara, huku maghala makubwa ya silaha yakiwa hayana mlinzi. Kutoka ghala la Al Qaqaa, kusini mwa Baghdad, zilitoweka zaidi ya tani 340 za baruti kali. Kisha mwaka 2007, wakaguzi wa hesabu wa Bunge la Marekani waligundua kwamba bunduki 110,000 za AK-47 na bastola 80,000 zilizotolewa kwa vikosi vya Iraq hazikuwa na kumbukumbu za kuaminika. Sisemi zote ziliishia kwa waasi. Nasema kwamba mtu aliyekuwa akitafuta silaha Iraq wakati ule hakulazimika kwenda hadi Tehran.

Mei 2008 kulipangwa onyesho jingine la silaha zilizodaiwa kuwa za Iran, safari hii Karbala. Wataalamu wa Marekani walipozikagua hawakuona hata moja ya Iran. Onyesho likafutwa.

Dhana: Ushahidi ukiwa hafifu, dai ni la uongo

Hapa ndipo wenye shaka tunapojikwaa zaidi. Februari 1965, serikali ya Marekani ilichapisha waraka wa kuonyesha kwamba vita vya Vietnam Kusini vinaendeshwa na kulishwa na Kaskazini. Mwandishi wa habari I. F. Stone aliusoma hadi viambatisho vyake, ambavyo wengine hawakuvifungua. Silaha zilizotekwa katika miezi 18 na kuorodheshwa kuwa zimetoka nchi za kikomunisti zilikuwa 179. Akazilinganisha na takwimu za Pentagon za silaha zote zilizotekwa, ambazo kwa muda huo zilikuwa takriban 7,500, akapata chini ya asilimia 2.5. Nyingi za silaha za wapiganaji wa msituni zilikuwa zimetoka kwa jeshi la Vietnam Kusini lenyewe. Hesabu ya Stone ni mfano mzuri wa kusoma ushahidi wa serikali kwa kalamu mkononi.

Lakini mwezi uleule, tarehe 16, meli iliyosheheni silaha ilikuwa imegunduliwa katika ghuba ya Vung Ro, Vietnam Kusini, na baada ya vita Vietnam haikuficha: jeshi lake la majini lilikuwa likipeleka silaha kusini kwa meli za siri tangu 1962. Waraka ulikuwa dhaifu, na silaha zilikuwa zinakuja. Yote mawili ni kweli. Stone alionyesha kuwa serikali haikuwa imethibitisha ilichokisema kuhusu ukubwa wa jambo, na hilo halifanani na kuonyesha kuwa jambo halipo.

Dhana: Wachunguzi wote ni walewale

Kwa msomaji wa Goma au Bukavu hili si suala la darasani. Kinshasa ilipodai kwamba waasi wa M23 wanasaidiwa na Rwanda, Kigali ilikana, na ikaendelea kukana kwa miaka. Neno la Kinshasa peke yake lisingetosha, kwani ni upande mmoja wa vita. Kilichobadilisha uzito ni ripoti ya Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa, Juni 2012. Marekani, Uholanzi na Ujerumani zikasitisha sehemu ya misaada yao kwa Rwanda. Mwaka 2024 wataalamu hao walikadiria wanajeshi wa Rwanda walioko Kongo kuwa kati ya 3,000 na 4,000. Kinachonifanya niwasikilize ni kwamba ripoti hizohizo zimeeleza pia jeshi la Kongo kushirikiana na FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga serikali ya Rwanda, jambo ambalo Kinshasa isingependa liandikwe.

Linganisha pia Yemen. Desemba 2017, Nikki Haley, balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, alisimama mbele ya mabaki ya kombora la Wahouthi, waasi wa Yemen, jijini Washington, akasema halina ubishi: limetoka Iran. Mwezi uliofuata, jopo la Umoja wa Mataifa lililochunguza mabaki ya makombora hayo lilisema yana asili ya Iran, na kwamba Iran haikuchukua hatua za kuzuia yasifike Yemen. Aliyeyapeleka, likaandika, bado halijamtambua.