Makaburi ya Old St Pancras na porojo zake

Nyuma ya stesheni ya St Pancras, London, kuna kanisa la kale na uwanja wake wa makaburi. Maziko yalikoma miaka ya 1850, na mwaka 1877 uwanja ukafunguliwa kuwa bustani ya umma. Bustani ni nzuri, ila maelezo yake mengi si ya kuaminika.

Dhana: Thomas Hardy, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, ndiye aliyeyapanga mawe ya makaburi kuuzunguka mti mmoja wa pale.
Hadithi hii ina chembe ya kweli. Miaka ya 1860 reli ya kampuni ya Midland ilikata makaburini, na Hardy, akiwa kijana katika ofisi ya msanifu majengo Arthur Blomfield, alipewa kazi ya kusimamia ufukuaji wa maiti. Kuhusu mti, sivyo. Picha ya mwaka 1926 inaonyesha lundo la mawe, mti haupo. Uliota baadaye, ukatanua mizizi kati ya mawe, na watu wakaupachika jina la mwandishi. Ulianguka Desemba 2022.

Dhana: Mary Wollstonecraft, mwandishi aliyetetea haki za wanawake, amezikwa pale.
Alizikwa, ndiyo, mwaka 1797, na nguzo yenye jina lake ingali imesimama. Lakini mwaka 1851 mjukuu wake alihamishia Bournemouth, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza, mabaki yake na ya mumewe, William Godwin. Aliyeachwa ni Mary Jane, mke wa pili wa Godwin, ambaye wageni hawana habari naye.

Dhana: Ili pawe bustani, wafu wote waliondolewa.
La. Mawe mengi yalihamishwa, wafu wengi wangali chini ya nyasi. Ukilala pale kupunga upepo, ujue una majirani.

Dhana: Pakishakuwa bustani, hapaguswi tena.
Sheria ya mwaka 1884 inakataza kujenga kwenye makaburi yaliyofungwa, isipokuwa kupanua nyumba ya ibada. Lakini Bunge likitunga sheria nyingine, katazo hilo halifui dafu. Ndivyo reli ilivyorudi mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari hii ile iendayo Ufaransa, na wafu wakafukuliwa tena. Mmoja wao alikuwa Arthur Richard Dillon, askofu mkuu wa Narbonne, mji wa Ufaransa, aliyeyakimbia Mapinduzi ya Ufaransa na kufia London mwaka 1806. Alikutwa na meno yake ya bandia ya kauri. Mwaka 2007 alirudishwa Narbonne.