Mgonjwa wa akili na dhana ya kutengwa

Unguja na Pemba kumezoeleka kusemwa kwamba mwenye maradhi ya akili hana budi kutengwa, ama afungiwe chumba cha uani, ama apelekwe Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili Unguja, akakae huko. Na anayependekeza atibiwe akiwa miongoni mwa watu huambiwa kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Kauli zote mbili hazisimami, na ya pili ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli.

Miongoni mwa walioionyesha njia hiyo kwa vitendo ni Profesa Thomas Adeoye Lambo, aliyezaliwa Abeokuta, Nigeria, mwaka 1923, na kusomea udaktari Birmingham, Uingereza. Kuanzia mwaka 1954, akiongoza hospitali ya Aro iliyo karibu na mji huohuo aliozaliwa, aliwapangia wagonjwa makaazi katika nyumba za wanavijiji wa jirani. Mgonjwa alifuatana na jamaa yake wa kumpikia na kumwangalia, mchana akaenda hospitali kutibiwa, kisha akarudi kijijini, na wenye nyumba walilipwa kodi. Waganga wa jadi nao aliwashirikisha, jambo ambalo madaktari wengi wa zama zake wasingelithubutu, na ambalo kwetu, ambako aghalabu mganga hutangulia daktari, lina uzito wake. Baadaye Lambo alikuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, hadi mwaka 1988.